Sura ya Tatu: Nyumba Isiile Biashara

Biashara nyingi za nyumbani hazifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa kuliwa. Unga uliosagwa kwa ajili ya gulio huchotwa vikombe viwili vya uji wa asubuhi. Mayai ya trei hupungua moja moja kila mgeni anapoingia. Fedha ya kitambaa hulipa nauli ya kwenda msibani. Hapo hakuna mwizi wala mvivu. Nyumba ina haja zake za kila siku, na kitu kilicho chini ya paa lake ndicho cha kwanza kufikiwa na mkono. Kwa hiyo anayepanga biashara ya nyumbani hana budi kupanga mambo mawili kwa pamoja: namna ya kuuza, na namna ya kuilinda biashara dhidi ya watu anaowapenda kuliko wote. Vitabu vingi huzungumzia la kwanza tu. Mimi naona la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo linaloamua.

Sura hii nimeipa makazi Nyanungu. Kata hiyo iko mashariki mwa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, karibu na mpaka wa Kenya, na vijiji vyake kama Kegonga na Nyandage ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kabari ya Lamai, ile ardhi iliyo kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, iliingizwa hifadhini miaka ya 1960. Watu wameongezeka tangu hapo, ardhi haijaongezeka. Mahindi yakikaribia kukomaa, tembo nao huja kuvuna. Kifuta machozi kinachotolewa na serikali hakiwezi kulingana na shamba zima lililolala chini. Familia ya huko ikiwa na kipato kinachotengenezwa uani, mbali na njia ya tembo, ina kitu cha kushika mwaka shamba linapopotea. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa zito, na sipendi kusikia biashara ya mama wa kijijini ikiitwa shughuli ya kupotezea muda.

Wengi huanza kwa kujiuliza: nina ujuzi gani, nina mtaji kiasi gani? Maswali hayo yana nafasi yake, lakini si ya kwanza. Swali la kwanza ni hili: nani ana shilingi mkononi, na ni siku gani anayo? Kijijini fedha haipo kila siku. Huja na kuondoka kwa majira, na anayeuza bila kuyajua majira hayo hukaa na mzigo wake mwezi mzima huku akidhani bidhaa yake ni mbaya.

Yaandike majira hayo kwenye ukurasa mmoja kabla ya kununua chochote. Mazao yakivunwa, mkulima ana fedha na bei ya nafaka iko chini. Hapo ndipo pa kununua ulezi wa kusaga. Miezi ya njaa ikifika, nafaka hupanda bei, na aliyenunua mapema ndiye mwenye faida. Mwisho wa mwezi wapo wenye mishahara: walimu, wauguzi wa zahanati, askari wa hifadhi, na upande wa Nyamongo wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambao tangu 2002 umevuta watu wengi wanaokula mayai, mboga na maandazi wasiyoyatengeneza wenyewe. Desemba shule zikifungwa, na hasa katika mwaka wa tohara ya wavulana, koo za Wakurya hufanya sherehe ambazo hutumia vyakula, vinywaji na nguo mpya kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Januari watoto wanarudi shule. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini sare bado ni juu ya mzazi, na mwenye cherehani anayengoja Januari ndipo atafute kitambaa atakuta wenzake walikwisha kununua tangu Novemba.

Nikitaja cherehani, namkumbuka msichana wa Mara ambaye kwake mashine hiyo ni zaidi ya biashara. Ukeketaji wa wasichana ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya 1998, lakini Desemba hiyo hiyo ya sherehe bado kuna wanaokimbia nyumbani usiku ili wasikatwe. Huko Mugumu, wilayani Serengeti, nyumba salama inayoongozwa na Rhobi Samwelly imewapokea wengi, na miongoni mwa mambo wanayofundishwa ni kushona. Msichana anayerudi kijijini akiwa na cherehani na ujuzi wa kukata sare ana sauti tofauti barazani kwa baba yake. Mzazi unayesoma sura hii, mtoto wa namna hiyo mpe kona ya sebule na meza imara. Hatahitaji zaidi ya hapo ili kuanza.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo nyumba inapokula bila kuonekana. Tuchukue mama mwenye wazo la kusaga ulezi, kuufunga kwenye mifuko ya kilo moja na kuupeleka gulioni. Ni wazo zuri: ulezi unalimwa Mara, una madini ya chokaa kwa wingi kuliko nafaka nyingine zote tunazozila, na uji wake hupewa mtoto, mzazi na mgonjwa. Bei nitakazotumia ni za mfano, wewe weka za kwenu.

Ananunua kilo 20 kwa shilingi 1,500, jumla 30,000. Akipepeta na kuosha, mchanga na makapi yanaondoka na kilo 2, zinabaki 18. Kila mfuko anauza 2,500, kwa hiyo akimaliza anapata 45,000. Ukimwuliza faida yake ni kiasi gani, atakujibu: 15,000. Kumbe amesahau mashine ya kusaga, 2,000. Mifuko na karatasi ya jina, 2,700. Bodaboda kwenda na kurudi, 4,000. Ushuru wa gulio, 500. Gharama yote ni 39,200, na faida ya kweli ni 5,800, kabla hajailipa hata siku moja ya mgongo wake.

Ingekuwa afadhali kama mambo yangeishia hapo. Mfuko mmoja umepikwa nyumbani kwa sababu uji ulikuwa umekwisha. Mmoja kachukua wifi yake mali kauli. Mwingine kapewa jirani aliyejifungua, na kijijini hakuna atakayeona vibaya. Mifuko hiyo mitatu ni shilingi 7,500. Mkononi ana 37,500, naye alitoa 39,200. Safari ijayo hawezi kununua kilo 20 na kulipia gharama zote. Atanunua 18, halafu 15, halafu siku moja atasema biashara ya unga hailipi. Unga unalipa. Nyumba imeula mtaji, mfuko mmoja baada ya mwingine, kwa nia njema kabisa.

Dawa yake si kuwanyima watoto uji. Dawa ni nyumba kununua kama mteja. Mfuko ukipikwa, mtu aliyeshika fedha ya matumizi aweke 2,500 kwenye kopo la biashara, au deni la nyumba liandikwe daftarini kwa jina la nyumba na lilipwe mahindi yakiuzwa. Zawadi kwa mzazi aliyejifungua itolewe, lakini itoke kwenye faida na iandikwe kuwa ni zawadi. Mama naye ajilipe. Aweke kiwango, hata kama ni 2,000 kwa safari ya gulio, akichukue waziwazi, aridhike nacho. Mtu asiyejilipa huchota kidogo kidogo, na anayechota kidogo kidogo hajui amechota kiasi gani.

Kopo la biashara liwe kopo kweli, au laini ya simu ya peke yake. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na siku hizi hata mwenye genge ana lipa namba. Fedha inayoingia hapo haichanganyiki na ya kununulia sukari. Wahenga wa biashara wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mama wa unga lina safu tano tu: tarehe, kilichotoka mfukoni, kilichoingia, kilichokwenda nyumbani, kilichokopwa na nani. Mtoto wa darasa la sita anaweza kusaidia kulijaza kila jioni.

Kipo kinywa kingine ambacho Nyanungu kinakula kuliko watoto, nacho ni zizi. Ng'ombe ndiye mali inayoheshimiwa. Fedha iliyolala ndani ya magunia ya ulezi haionekani na jirani, haina heshima ya mtamba aliyesimama nje ya boma, na haitolewi mahari. Kwa hiyo biashara ikipata 300,000, shinikizo la kuigeuza mfugo huwa kubwa, na mara nyingi linatoka kwa watu wenye usemi nyumbani. Ng'ombe ni akiba nzuri. Sipingani na hekima ya wafugaji. Lakini huwezi kumkata ng'ombe mguu ukanunulie debe la ulezi, na akishaingia zizini anaingia katika hesabu ya ukoo: mahari ya kaka, faini, msiba. Kanuni ninayoitetea ni kwamba ng'ombe anunuliwe kwa faida iliyokwisha kutengwa, mara moja kwa mwaka, na mtaji uachwe ulipo.

Haya hayatawezekana kama hayajasemwa mapema mbele ya wote wanaohusika. Nyumba za huko si za aina moja. Kuna mume na mke, kuna wake wenza wenye maboma jirani, kuna mjane anayeishi na mtoto wa kiume mkubwa, na kuna nyumba ntobhu, ambamo mama mtu mzima amemwoa mwanamke mwenzake na wote wawili wanatafutia boma moja. Katika kila nyumba swali ni lile lile: faida ni ya nani, na nani anaweza kusema hapana? Likiulizwa kabla fedha haijaingia, hujibiwa kwa upole. Likiulizwa fedha ikiwa mezani, huzaa ugomvi, na pengine kipigo. Mwite mume, mama mkwe, au mtoto mkubwa, mwonyeshe hesabu ya mfuko kama tulivyoifanya hapo juu. Mwanamume anayeona kwa macho yake kwamba mifuko mitatu imemaliza faida ya safari nzima huwa mlinzi wa biashara.

Tukirudi kwa mama wetu: anawezaje kuinua faida bila kupandisha bei? Aangalie gharama isiyobadilika. Bodaboda ni 4,000 akibeba kilo 18 au 54. Akipeleka mzigo wa kilo 54 kwa mara moja, gharama yote inakuwa 108,600 na mauzo 135,000. Faida ni 26,400. Angekwenda mara tatu na mzigo mdogo angepata 17,400. Lakini je, gulio litanunua mifuko 54? Hilo halijibiwi kwa kalamu. Apeleke 18 kwanza, ahesabu saa ngapi imekwisha. Ikiisha kabla ya saa sita mchana, aongeze. Ikirudi nusu, tatizo si usafiri.

Ubora unaanzia kwenye ukavu. Nafaka yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuka. Huhitaji kifaa cha bei ili kupima. Chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka hadi robo, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado mbichi. Irudishe juani, juu ya turubai, mbali na kuku na mbuzi. Na usichanganye ulezi huo na karanga au mahindi ya kubahatisha kwa jina la unga wa lishe. Mtoto mdogo ndiye atakayekunywa uji wake.

Kuhusu kuku nitasema moja tu, kwa kuwa karibu kila boma linao. Watu hununua majike ishirini kabla ya kununua chanjo, kisha kideri kinapita na kufagia wote ndani ya wiki moja. Chanjo aina ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, na chupa moja inatosha kuku wa majirani kadhaa wakichangishana. Weka tarehe nne za chanjo kwenye ukurasa wako wa majira, ndipo uende kununua kuku.

Umeme nao una mtego wake. Kuunganishiwa kijijini kulishushwa hadi shilingi 27,000, na hilo limefungua milango: friji ya barafu na juisi, mashine ya kunyolea, cherehani ya mota. Ila nyumba inayotumia umeme mdogo hupewa bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, kila uniti ya ziada ni 350, na ukiendelea hivyo utahamishiwa kundi la matumizi ya kawaida. Friji ya biashara pamoja na taa na televisheni vinaweza kukuvusha hapo. Hesabu uniti kabla ya kupanga bei ya barafu.

Serikali haiko mbali kama wengi wanavyodhani, wala haitishi kama wengi wanavyoogopa. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi 4,000,000 hayatozwi kodi ya mapato. Mama wetu akiuza mzigo wa mifuko 54 kila baada ya wiki mbili, anafikia 3,510,000. Akikua hadi 5,000,000 na ana daftari, atalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne, yaani 30,000. Asipokuwa na daftari atalipa 100,000. Daftari la shule la bei ndogo limemwokolea 70,000.

Anayetaka unga wake uingie madukani Tarime mjini au Musoma atahitaji alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vyakula. Mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambalo lina ofisi Musoma, apate barua ya utambulisho; kwa barua hiyo TBS humhudumia bila malipo miaka ya mwanzo. Watakagua mahali anaposagia na kufungia, kwa hiyo chumba kimoja kitengwe, kisilale mtu, kisihifadhi mafuta ya taa. Wanaoshika chakula wapime afya kila miezi sita.

Na Kenya je? Iko karibu na bei zake huvutia. Kituo cha forodha cha Sirari kina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: bidhaa zilizomo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupata cheti cha uasili hapo hapo mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Nafaka huhitaji pia cheti cha afya ya mimea. Anayepita njia ya panya ili kukwepa karatasi hizo anaweka mtaji wote mikononi mwa atakayemkamata. Ndani ya Tanzania, kanuni iliyoanza Machi 2025 inakataza kutangaza au kulipwa bei kwa fedha za kigeni, hata shilingi ya Kenya; panga bei kwa shilingi yetu, uiangalie thamani ya ile nyingine kila wiki kama unanunua malighafi ng'ambo.

Limebaki suala la mtaji, nami nimeliacha mwisho makusudi. Chanzo ninachokiamini zaidi ni kikundi cha hisa, kile tunachokiita VICOBA, ambacho chimbuko lake ni wanawake wa Maradi, Niger, waliokusanywa na shirika la CARE mwaka 1991. Wanakikundi wasiozidi thelathini wananunua hisa kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mkopo ni hadi mara tatu ya hisa zako, na mwaka ukiisha mnagawana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na usajili huo ni faida kwenu, kwa sababu bila cheti hamuwezi kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Kwa watu wa Nyanungu, mlango wa kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Maombi hukamilikia makao makuu ya halmashauri, Nyamwaga.

Kuna mlango mwingine, na huo haujifichi: kausha damu. Fedha inatoka siku hiyo hiyo, marejesho ni kila siku au kila wiki, na dhamana ni kitanda, friji, pikipiki, pengine hati ya kiwanja. Rudia hesabu ya mifuko 18. Biashara inayozalisha 5,800 kwa safari moja ya gulio haiwezi kumlipa mtu anayedai kila jioni. Msomaji wangu, kama mtaji unaoutaka haupatikani ila kwa kuweka rehani nyumba au mtamba wa familia, punguza biashara hadi itoshe hisa zako za mwaka mmoja, kisha anza na kilo 20.